Mama Anwani na Kipande cha Mwisho

Mtaa mzima ulimwita Mama Anwani, na wageni walidhani ana mtoto anayeitwa Anwani. Hana. Ana binti mmoja tu, yuko chuo, na jina lake halihusiani kabisa na mambo ya posta. Jina hilo la utani alipewa na mumewe, fundi cherehani, siku aliyochoka kusikia habari za anwani asubuhi, mchana na jioni. Akawaambia wateja wake, pini zikiwa mdomoni, kwamba yeye ameoa mwanamke mmoja, ila mwanamke mwenyewe ameolewa na anwani. Wateja wakacheka, wakalibeba jina hadi sokoni, na mwenye jina akalipokea bila kununa. Angenuna vipi, na ilikuwa kweli?

Kazi yake ilikuwa kuendesha mtandao wa ushirika wa mtaa. Kampuni kubwa za simu zilikuwa zimepita barabara kuu, zikatazama kule bondeni kwenye nyumba za mabati, zikaona hakuna faida, zikaondoka zao. Basi watu wa bondeni wakachangishana, wakanunua antena, wakazifunga juu ya mapaa kuanzia bondeni hadi nyumba za barabarani, na Mama Anwani akawa ndiye fundi wao. Alivaa suruali chini ya gauni ili apande ngazi bila kusemwa, akasemwa vilevile. Chumba chake cha kazi kilikuwa juu ya kibanda cha mumewe: meza yenye mguu mfupi uliotiwa kigae, kabati la chuma lenye mashine za taa za kijani, feni iliyolalamika mwaka mzima, na dirisha lililotazama zahanati ya bondeni. Chini cherehani ilinguruma, juu feni ililalamika, na katikati yeye alifurahi kuliko watu wengi wanavyofurahi kwenye ofisi za vioo.

Sasa hizo anwani zenyewe ni nini? Hebu nieleze upesi tusije tukapotezana. Kila mashine iliyo kwenye mtandao lazima iwe na namba yake, la sivyo kitu kinachotumwa hakijui pa kufikia. Namba hizo zinagawiwa na ofisi moja kwa nchi nyingi, na zile za zamani, ambazo kila mashine duniani inazielewa, zilikuwa zinakaribia kwisha. Namba mpya, ndefu, zipo za kumwaga, lakini mashine nyingi za zamani hazizisikii, na mashine ya picha za macho pale zahanati ilikuwa mojawapo. Ukiwa na namba zako mwenyewe, ukikorofishana na muuzaji wa mtandao unahamia kwa mwingine, namba zako kwapani. Ukiazima namba za muuzaji, siku akikukasirikia umekwisha. Ushirika ulikuwa unaazima.

Kwa nini wasiende kuomba zao? Walikwenda. Kanuni iliyokuwapo ilisema kipande kidogo kabisa kinachogawiwa ni cha kiasi fulani, na mwombaji athibitishe kwamba atakitumia chote. Kipande hicho kilikuwa kikubwa kuliko bonde zima, ukihesabu na kuku wao. Kwa hiyo mdogo alinyimwa kwa sababu ni mdogo, na mtu akiuliza aliambiwa kwa upole kabisa kwamba kanuni si za ofisi, ni za jumuiya, na mlango uko wazi, karibu uzibadilishe.

Na kweli mlango ulikuwa wazi, hapo tusiwasingizie. Kanuni za namba hazitungwi na waziri wala mkurugenzi. Zinatungwa na yeyote anayejitokeza: mtu wa kampuni, mtu wa chuo, wewe, mimi. Unaandika pendekezo, linatumwa kwenye listi ya barua pepe ambayo kila mtu anaisoma, watu wanalichambua mpaka wewe mwenyewe unalichukia, kisha linapelekwa kwenye mkutano, watu wanapanga foleni mbele ya kipaza sauti. Hakuna kupiga kura hata siku moja. Mwenyekiti anasikiliza sababu za huku na za huku, kisha anatangaza kama mwafaka umepatikana au haujapatikana. Ukipatikana, unafuata wito wa mwisho, wiki chache za mtu mwenye pingamizi kulitoa. Asipotokea mtu, kimya kinasomwa kuwa ni kukubali.

Mama Anwani aliupenda utaratibu huo kama watu wengine wanavyopenda mpira. Alianza kwa kusoma tu, akaja kuandika, akaja kupata nafasi ya kusafirishwa kwenda mkutanoni, akasimama mbele ya kipaza sauti. Na mkutano uliompa sifa ni ule ambao kampuni moja kubwa ilileta pendekezo la ovyo, ikawaamrisha wafanyakazi wake waandike kwenye listi. Weee! Barua zilimiminika, zote zina neno moja: naunga mkono, naunga mkono, naunga mkono. Mama Anwani akapanga foleni, zamu yake ikafika, akamwambia mwenyekiti kwamba hapa hatuhesabu vichwa, tunapima hoja, na anayeunga mkono bila sababu aonekane kama hajasema kitu. Ukumbi ukapiga makofi. Pendekezo likaanguka. Tangu hapo ikawa ndiyo desturi iliyoshikwa kweli: ukiandika "naunga mkono" tupu, wenyeviti wanakupita kama hawakukuona, na kabla hawajakupita Mama Anwani ameshakuandikia wewe binafsi, kwa adabu na kwa ukali, kwamba usituchafulie listi.

Hata kwenye ushirika wa mtaa aliuleta utaratibu huo. Zamani walikuwa wananyoosha mikono. Akawafundisha kuachana nayo. Mwenye pingamizi aseme, na aseme sababu. Wanachama walinung'unika kwanza, baadaye wakauzoea, hata wakajivunia kidogo.

Basi akaandika pendekezo lake. Lilikuwa fupi: kipande cha mwisho cha namba za zamani kilichobaki ofisini kitengwe kwa ajili ya wadogo wasiowahi kupata, na wagawiwe vipande vidogo wanavyoweza kuvitumia. Lilirudishwa, akaliandika upya, likarudishwa tena. Nyumbani lilikuwa kama mtoto mwingine. Mama mkwe wake, aliyeishi nao na ambaye jicho lake lilikuwa linatibiwa zahanati, alishaamua kwamba habari yote hii ni ya ugawaji wa viwanja, ila viko juu. Kila jioni aliuliza, "Mkwe wangu, hivyo viwanja vya hewani wameshakupa?" Naye alijibu, "Bado, mama, wanapima."

Jicho hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Sista, muuguzi mkuu wa zahanati, alikuwa anampiga mama mkwe picha ya jicho kwa ile mashine, picha inapita kwenye antena ya ushirika, inamfikia daktari wa macho kwenye hospitali kubwa, na majibu yanarudi kabla mgonjwa hajamaliza kuwasimulia wenzake kwenye benchi. Bila hivyo ni safari ndefu na foleni ya kuanzia alfajiri, na wazee wengi wa bondeni hawaendi, wanaliacha jicho life. Sasa muuzaji wa mtandao alikuwa ameandika barua ya heshima tele, kwamba mwisho wa mwaka atazichukua namba zake, na kama ushirika unapenda, yuko tayari kuzipokea antena na kuwahudumia wateja mwenyewe. Antena za barabara kuu, yaani. Za bondeni atazitazama baadaye.

Mkutano wa jumuiya ukafika. Mama Anwani alilitetea pendekezo lake kwenye ukumbi wa hoteli wenye ubaridi wa kugandisha, na rafiki yake mmoja, aliyeitwa Mrefu kwa sababu zinazoonekana, fundi wa mtandao wa shule katika nchi jirani, akasimama akaeleza kwamba na wao wako kwenye shida hiyohiyo. Wengine wa aina yao wakasimama pia, kila mmoja na habari zake. Mwenyekiti alikuwa mwanamke wa makamo, msikivu, rafiki yake wa miaka mingi. Mama Anwani alimwita dada naye akamwita mdogo wangu. Alitazama ukumbi, akauliza mara mbili kama kuna mwenye pingamizi, akatangaza: mwafaka umepatikana. Mama Anwani alirudi nyumbani amenenepa kwa furaha. Fundi cherehani alimshonea gauni. Mama mkwe akawaambia majirani kwamba viwanja vimepatikana.

Wito wa mwisho ukaanza, na kwa muda mrefu listi ilikuwa kimya. Kimya kizuri. Kisha mwanasheria mmoja, mtu wa wafanyabiashara wanaonunua na kuuza namba, akaandika. Ingekuwa rahisi kusema aliandika upuuzi, lakini hakuandika upuuzi. Alisema neno "mdogo" halina mipaka. Kwamba kampuni kubwa itazaa vikampuni vidogo kumi kwa asubuhi moja, kila kimoja kichukue kipande, na wadogo wa kweli wakija watakuta sahani imelambwa. Mama Anwani alisoma, akasoma tena, akajua ni hoja. Na hoja hujibiwa. Akakaa mezani, akaandika jibu refu, safi, lenye dawa ya ugonjwa huo huo, kwamba ofisi ikague kila mwombaji anamilikiwa na nani, na alipolituma alijisikia vizuri kabisa.

Mchana huo Mrefu akampigia simu. Alisema wako wengi, wako tayari, kila mmoja ameshakunja mikono ya shati, wanauliza tu waandike nini.

"Una hoja mpya?" Mama Anwani akamuuliza.

"Hoja zote umeshazimaliza wewe, dada yangu. Sisi tutasema tunakuunga mkono."

"Basi nyamazeni, kaka. Mkijaza listi 'naunga mkono' mtaniharibia. Nimelipigania hili jambo miaka yote, nisije nikaonekana nimeita watu wangu."

Mrefu alicheka, akasema sawa, bosi. Akawapa wenzake habari, na kwa sababu walimheshimu Mama Anwani, na wengine walishawahi kupata zile barua zake za adabu na ukali, wakafunga midomo. Jamani! Mtu mwingine yeyote duniani, kwenye kazi nyingine yoyote, akiulizwa na marafiki "tuje tukusaidie?" atasema njooni hata jana. Yeye akawaambia kaeni kwenu.

Upande wa pili hawakukaa kwao. Kwenye siku za mwisho wakaandika wengine, mmoja baada ya mwingine. Mmoja alisema dawa ya Mama Anwani itaongeza kazi ofisini. Mmoja alisema watu wasaidiwe kuhamia namba mpya, wasibembelezwe na za zamani. Mwingine akaleta jambo la kisheria ambalo mpaka leo hakuna aliyelielewa, lakini lilikuwa na sababu ndani yake. Mama Anwani akajibu la kwanza, akajibu la pili, na la tatu likamkuta juu ya paa la shule, antena imeangushwa na upepo. Aliposhuka, muda ulikuwa umekwisha.

Tangazo la mwenyekiti lilikuja asubuhi, cherehani inanguruma chini. Alilisoma akiwa amesimama. Pingamizi zenye sababu zimetolewa na watu kadhaa. Upande wa kuunga mkono amejibu mwandishi peke yake. Baadhi ya pingamizi hazijajibiwa. Mwafaka uliotangazwa mkutanoni haujathibitishwa. Pendekezo linarudishwa kwenye listi hadi mkutano ujao. Hadi mkutano ujao! Na kila aliyejua kuhesabu alijua kwamba kipande cha mwisho hakitaufikia mkutano ujao. Walio wakubwa walishapanga foleni mlangoni, vyeti mkononi.

Simu ikalia. Alikuwa mwenyekiti mwenyewe.

"Mdogo wangu," alisema, na sauti yake haikuwa nzuri. "Walikuwa wapi watu wako? Nilikaa naingoja barua moja. Hata moja tu."

"Niliwaambia wasiandike 'naunga mkono' tupu."



"Kimya ni kukubali kama hakuna aliyepinga," mwenyekiti akasema. "Mtu akishapinga, kimya ni kimya tu. Mrefu angeniambia shule zake zinakufa, hiyo ni hoja. Kila mmoja wao na shule yake, kila mmoja na zahanati yake. Mtu akisema mimi pia naumia, mdogo wangu, hiyo ni sababu. Sasa mimi ningewahesabu wapi, na kanuni uliitia nguvu wewe?"

Mama Anwani alimshukuru, kwa sababu ni mtu wa adabu, akakata simu. Akakaa kwenye kiti. Hakulia, aliona aibu, aibu kubwa inayopanda mpaka masikioni, kwa sababu aliona dada yake yule amefanya vile ambavyo yeye mwenyewe angefanya. Angekuwa ameonewa, angepata mtu wa kumkasirikia. Fundi cherehani alipanda na chai, akamtazama, akaiacha cherehani siku nzima, na mteja aliyekuja kuchukua suruali akaambiwa arudi kesho.

Kipande cha mwisho kikaisha kabla ya mwezi kugeuka. Ofisi ilitoa taarifa fupi.

Basi wanachama wa ushirika wakakutana kwenye darasa la shule, watu wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Aliyeongoza alikuwa mwalimu mstaafu. Aliisoma barua ya muuzaji, akaeleza kwamba wakikubali sasa, antena zitapokewa na nyumba za barabarani hazitakatika hata siku moja. Wakikataa, mwisho wa mwaka watakatika wote. Sista akauliza, na bondeni je? Mwalimu akasema kampuni ya muuzaji imeahidi kulitazama baadaye. Kila mtu alielewa maana ya neno hilo, "baadaye".

Kisha mwalimu akavua miwani, akasema kama alivyofundishwa na Mama Anwani:

"Kuna mwenye pingamizi?"

Darasa zima likageuka. Hawakumtazama mwalimu, walimtazama yeye, amekaa dawati la nyuma karibu na dirisha. Mwanamke aliyewapandia mapaa mvuani, aliyewafungia waya, ambaye hata watoto walijua kwamba hajawahi kukosa la kusema. Wakangoja.

Naye alitafuta. Mungu wangu, alitafuta! Alipitia moja moja kichwani: namba hazipo, za kununua sokoni bei yake ni kufuru, namba mpya mashine ya macho haizisikii, muuzaji mwingine naye hataki kuazimisha. Kila mlango aliousukuma ulikuwa umefungwa, na alijua kufuli lake. Kilichobaki kifuani mwake kilikuwa "sitaki" tu. Na "sitaki" si hoja. Amewaambia watu hivyo kwa miaka mingapi? Akainamisha kichwa, akatazama jina la mtoto fulani lililochongwa kwa kisu kwenye dawati.

Mwalimu alingoja zaidi ya ilivyo kawaida yake. Aliuliza tena, sauti imepungua. Halafu akavaa miwani.

"Basi hakuna pingamizi. Tumeafikiana."

Watu walitoka polepole, madawati yakilia. Sista alimfuata mpaka kwenye uwanja wa shule, akamshika mkono wa gauni.

"Mbona hukusema kitu?"

"Sikuwa na hoja, Sista."

"Nani alikuuliza hoja?" Sista alikuwa analia waziwazi, hakujificha. "Tulikuwa tunakungoja useme hapana. Hapana tu. Tungesimama wote."

Wanachama walikuwa wanawapita, wengine wakimpa pole, wengine wakiyakwepa macho yake, na kwa mara ya kwanza Mama Anwani akaona kwamba kila mmoja wao alikuwa ameingia na hapana yake mfukoni, akaondoka nayo vilevile, kwa heshima yake yeye.

Kampuni ilipokuja ilichukua antena za barabarani. Ile ya zahanati waliiacha, na Mama Anwani akaipanda kuishusha mwenyewe kabla haijamwangukia mtu, Sista akimshikia ngazi. Aliibeba begani hadi nyumbani. Mama mkwe alikuwa barazani, jicho lake limefungwa kitambaa, akasikia chuma kikigonga ukuta.

"Mkwe wangu, ndiyo vile viwanja?"

"Hapana, mama," akamwambia. "Hii ni antena ya zahanati."

Akaiweka nyuma ya mlango, akachukua simu ampigie Mrefu kuuliza usafiri wa hospitali kubwa huanza saa ngapi, kisha akakumbuka kwamba Mrefu anaishi nchi nyingine, hawezi kujua. Akaiweka simu chini, akaenda kumuuliza mumewe.